Nunda wa Hadithi na Mnyama wa Kweli

Wasomaji wetu wengi waijua hadithi ya Sultani Majnuni, iliyo miongoni mwa hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzipiga chapa katika mwaka 1870. Tuliisoma shuleni hapa Sanya Juu, watoto wakasikiliza kimya. Ilipokwisha, mmoja akauliza, "Mwalimu, nunda yuko?" Kabla hatujajibu, mwenziwe akasema yuko, kwani babu yake alipotewa na mbuzi. Swali hilo twapenda kulijibu hapa kwa kuipima hadithi yenyewe: ni lipi lililo kweli ndani yake juu ya mnyama alaye nyama, na ni lipi lisilo kweli.

Kwa wasioijua, habari yake ni hii. Sultani alikuwa na paka. Paka akala kuku. Watu wakamshitaki kwa Sultani, naye akajibu kwamba paka ni mali yake na kuku ni mali yake pia. Akala mbuzi, akala ng'ombe, na jibu likawa lile lile. Kisha akala watu, na Sultani hakushtuka mpaka paka alipowaua wanawe mwenyewe. Ndipo aliposema kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Kijana wake mdogo, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, akatoka kumtafuta. Akaua mnyama huyu na huyu, akamletea mama yake, na kila mara mama akamwambia siye. Mwisho akamkuta nunda mlimani, amelala, akauawa kwa bunduki.

Basi, kwanza tutaje makosa. Hadithi yatutaka tuamini kwamba paka aligeuka dubwana kwa kula. Walakini kila mnyama ana kipimo chake, na mifupa yake ikiisha kukomaa harefuki tena. Paka wa nyumbani akilishwa sana atanenepa, lakini hatakuwa chui. Simba dume aweza kula zaidi ya kilo 30 za nyama kwa mlo mmoja. Naye hulala na kupumzika, na akiamka ni simba wa kimo kile kile.

Kosa la pili ni ile ngazi ya kutoka kuku hata ng'ombe, ambayo mnyama mmoja aipanda peke yake. Wataalamu wameona kwamba wanyama walao nyama walio chini ya kilo 20 hivi hula zaidi vitu vidogo, kama wadudu na panya. Walio wakubwa kuliko hao huwinda wanyama wanaokaribia kimo chao au kuwazidi, maana windo dogo halilipi taabu ya kulikimbiza. Kwa hiyo katika ngazi ile kila daraja ina mwenyewe: kuku huibiwa na kicheche, mbuzi na chui, ng'ombe na simba.

Kosa la tatu ni hesabu ya chakula. Imepimwa kwamba kila kilo 10,000 za wanyama wawindwao huweza kulisha kiasi cha kilo 90 tu za wanyama wawindao. Ndiyo kusema, kundi la uzito wa ng'ombe 40 wa kilo 250 kila mmoja latosha chui wawili tu. Nunda amalizaye mji mzima angekufa njaa. Watungaji wa nchi nyingine nao wamekosa vivyo hivyo. Katika senema iitwayo Alien, ya mwaka 1979, mnyama atokaye mbali katika nyota hukua kwa muda wa saa chache hata kumzidi mtu, wala hatuoni amekula nini. Nunda wetu walau anakula!

Hata hivyo hadithi yetu ina sifa kubwa. Kijana alipewa dalili: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili, mkia mnene. Mama hakukubali mnyama kwa sababu ya ukubwa wake au kwa kuwa alitisha. Hata tembo alikataliwa. Hii ndiyo elimu ya wanyama. Sisi huku, mbuzi akipotea, twasema upesi, "Simba!", au wazee hutaja Irimu, ambaye katika hadithi za Wachaga mara huonekana mtu, mara chui. Lakini nani aliyeutazama wayo? Wayo wa fisi huonyesha kucha. Wa chui hauonyeshi, kwani huzificha akitembea.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kujua mla watu hutokea wapi. Simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898 hawakuwa majini. Mmoja alikuwa na jino lililovunjika na jipu taya ni mwake, na kabla ya hapo sotoka ilikuwa imeua ng'ombe na nyati wengi. Wataalamu waliopima nywele na mifupa yao wakakisia, mwaka 2009, kwamba waliwala watu 35 hivi. Tena katika nchi yetu, tangu mwaka 1990 hata 2004, simba waliua watu zaidi ya 560, hasa upande wa kusini. Wachunguzi waliona kwamba maafa yalizidi mahali penye nguruwe mwitu wengi na wanyama wengine wachache. Nguruwe hufuata mahindi, simba humfuata nguruwe, na mkulima amelala kibandani katikati ya shamba lake.

Kwa hiyo hadithi imekosa juu ya mwili wa nunda, bali imesema kweli juu ya mwanzo wake. Alianzia karibu na nyumba, kwa jambo dogo, na mwenye amri akalipuuza. Twailaumu kwa neno moja tu: yaishia kwa furaha ya kumwua mnyama, wala hakuna amwulizaye Sultani habari za kuku wa kwanza.

Yule mtoto tulimjibu kwamba nunda wa hadithi hayuko, lakini chui yuko, na boma la babu yake lazibwe kwa miiba kabla ya jua kuchwa. Na wasomaji walio na hadithi za Irimu tunawasihi watuandikie. Wasisahau kutueleza masikio yake, mkia wake, na alikula nini kwanza.