Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utafiti wa Wasomi Katika Handeni na Korogwe

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno haya tumezoea kuyatamka mlangoni tunapompokea mgeni, na maana yake ni kwamba siku ya mgeni na mwenyeji naye hupata kitoweo. Katika makala haya nakusudia kuyatumia kama kipimo cha kazi za kitaaluma. Kwa zaidi ya miaka 50 sasa, wasomi wa vyuo vikuu, wa hapa nchini na wa ng'ambo, wamekuwa wakifika Handeni na Korogwe kwa fedha za ufadhili, wakitaka kujua jinsi wananchi wa huko walivyoweza kuishi na njaa, maradhi na mabadiliko ya tawala. Wageni wamekuja. Yatupasa kuuliza: je, mwenyeji amepona?

Kwa msomaji asiyeijua nchi hiyo, Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Handeni iko upande wa kusini, katika nchi kavu zaidi, na ndiko kwenye asili ya Wazigua. Wilaya ya Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni hadi mwaka 2002. Mvua za Handeni ni za kubahatisha, na kila mzee wa huko ana hadithi ya njaa aliyoiona au aliyosimuliwa.

Nilipokuwa karani katika ofisi moja ya serikali, niliagizwa kumsindikiza kijana aliyekuwa akisomea shahada ya pili. Alikuwa mtu wa adabu, na karatasi zake za maswali zilipangwa vema. Tulifika kwa bibi mmoja, naye akamwamkia, kisha akauliza, "Bibi, katika miezi 12 iliyopita mmekosa chakula mara ngapi?" Bibi akacheka. "Mjukuu wangu," akasema, "ukitaka kuijua njaa, usiniulize miezi. Niulize ni nani alinifungulia mlango." Ndipo akaeleza habari za unga wa Yanga, yaani ule unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame wa miaka ya 1974 na 1975. Akataja ni nani aliyemgawia nani, ni mtani gani aliyekuja na kibaba chake, na ni jamaa gani aliyejifanya hayupo nyumbani. Kijana alisikiliza kwa heshima, lakini karatasi yake haikuwa na nafasi ya habari za milango. Akaandika tarakimu moja, tukashukuru, tukaondoka. Tasnifu yake sikupata kuiona hata leo.

Simlaumu kijana yule. Alifanya kazi aliyofundishwa kuifanya. Lakini bibi yule alikuwa amempa jibu lililo kubwa kuliko swali, na wapo wasomi waliojifunza kulisikia jibu la namna hiyo. Tuziangalie kazi zao.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba habari za nchi hii ziliandikwa kwa Kiswahili kabla ya chuo kikuu chochote kuanzishwa Afrika Mashariki. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na Wakilindi na kumtumikia Semboja wa Mazinde, mahali ambapo leo pamo wilayani Korogwe, aliandika "Habari za Wakilindi" mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu hicho kilitolewa upya mwaka 1962 na East African Literature Bureau, kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Mwandishi wake hakuwa na shahada wala ufadhili, na hakuficha mapenzi yake kwa wakuu aliowatumikia. Hata hivyo aliandika kwa lugha ambayo watu aliowaandika wangeweza kuisoma, na wakitaka wambishie. Fadhila hiyo msomaji asiisahau tunapoendelea.

Mmarekani Steven Feierman alifanya utafiti Usambara kuanzia miaka ya 1960, akatoa "The Shambaa Kingdom" mwaka 1974 na "Peasant Intellectuals" mwaka 1990. Thamani ya kazi zake ni kwamba hakuwageuza wakulima kuwa tarakimu. Aliyachukua maneno yao mawili, "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, na "kubana shi", yaani kuiharibu, akaonyesha kwamba ndani yake mna fikra nzima ya siasa. Mtawala aliyekuwa na nguvu juu ya wenzake aliiponya nchi, mvua ikanyesha. Watawala waliposhindana, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Wakulima wa Usambara walipoyakataa matuta ya kulazimishwa katika miaka ya 1950, walizungumza kwa kutumia fikra hiyo hiyo. Wakoloni waliona ukaidi wa watu wasioelewa kilimo. Feierman aliona watu wanaofikiri, na jina la kitabu chake cha pili linawaita wakulima hao wasomi.

Kwa upande wa Handeni, kazi kubwa ni ya James Giblin, iliyochapishwa mwaka 1992 kwa jina la "The Politics of Environmental Control in Northeastern Tanzania, 1840–1940". Hoja yake yafaa ijulikane na kila mwanafunzi wa historia. Ukame ulikuwepo tangu zamani, lakini si kila ukame ulizaa njaa ya kuua. Wakuu wa Uzigua walipokea kodi na kufanya biashara, na kwa mali hiyo waliwalisha wafuasi wao wakati wa shida, ili wasitawanyike. Watu walipokaa pamoja, walifyeka vichaka, mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaishi. Utawala wa kigeni ulipovunja uwezo wa wakuu hao na kudai kodi na nguvu kazi kwa faida yake, watu walitawanyika, vichaka vikarudi, na mbung'o wakaja navyo. Mifugo ilikufa, na ukame ukawa njaa. Kwa maneno mengine, jibu la bibi yetu lilikuwa sahihi: swali la njaa ni swali la mlango.

Hapa ndipo ninapotaka kulipima neno ambalo siku hizi limo katika kila tangazo la ufadhili, nalo ni "ustahimilivu wa jamii". Kama mtunga mashairi, neno hili linanitia shaka. Anayestahimili ni yule aliyebebeshwa mzigo akanyamaza. Neno linamsifu mbebaji, lakini haliulizi ni nani aliyempakia. Watu anaowaeleza Giblin hawakuwa wakivumilia mazingira tu. Walikuwa wakiyatawala kwa akili, kwa kazi na kwa mapatano. Mtafiti akifika na neno la ustahimilivu peke yake, ataondoka na sifa za uvumilivu wetu, na sababu za shida yetu ataziacha zilipokuwa.

Lakini mhakiki asisifu tu. Katika hoja kama hii ya Giblin ipo hatari ya msomaji kuwapenda mno wakuu wa zamani. Aliyelishwa na mkubwa alikuwa amefungwa naye kwa kamba, na wakati wa njaa wapo waliowekwa rehani au kuuzwa. Ushahidi wake uko mbali sana na Handeni, kando ya mto Juba nchini Somalia. Huko wanaishi Wazigula, ambao simulizi zao zasema kwamba wazee wao waliondoka Uzigua kwa sababu ya njaa katika karne ya 19, wakavushwa baharini na kuishia utumwani. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walirudi katika nchi ya wazee wao. Walipokelewa Handeni, kwanza katika kambi ya Mkuyu na baadaye katika makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Waliporudi walikuwa bado wanazungumza Kizigula, na wenyeji waliwaelewa. Mali, mashamba na uhuru vilikuwa vimepotea, lakini lugha ilidumu, na kwa lugha hiyo mlango ulifunguliwa tena baada ya zaidi ya miaka 150.

Tukilikubali hilo, basi twaona kasoro kubwa ya kazi zote za wageni nilizozitaja. Zimejengwa kwa maneno ya Kizigua, Kishambaa na Kiswahili, lakini zimehifadhiwa kwa Kiingereza. Mwaka 2006 Jussi Ylhäisi alitoa tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Helsinki kuhusu misitu ya jadi ya Wazigua na Wagweno, ile ambayo mila ziliikinga isikatwe. Ni elimu ya manufaa. Mwalimu wa Handeni anayetaka kumwonyesha mwanafunzi wake thamani ya msitu ulio nyuma ya kijiji chao ataipataje?

Wengine watasema kwamba taaluma haiwezekani kwa Kiswahili. Na waende Korogwe. Kituo cha utafiti wa malaria kilichoko huko kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Katika utafiti wa namna hiyo, mtoto hachomwi sindano kabla mama yake hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni nini kinachotafutwa na hatari yake ni ipi, naye ana haki ya kukataa. Ikiwa sayansi ya damu yaweza kuelezwa kwa Kiswahili kabla ya kazi kuanza, ni nini kinachoizuia sayansi ya njaa kuelezwa kwa Kiswahili baada ya kazi kwisha?

Kwa hiyo nashauri kwamba kila ufadhili unaotolewa kwa utafiti wa jamii zetu utenge sehemu ya fedha zake kwa ajili ya kijitabu cha Kiswahili, nacho kipelekwe katika shule za sekondari za mahali utafiti ulipofanyika. Kisiwe muhtasari wa kubembeleza. Kiwe na hoja kamili, ili wazee wa Mazinde au wa Mkuyu waweze kusema, "Hapa umekosea." Msomi asiyeweza kubishiwa na watu aliowaandika, kazi yake haijakamilika hata kama shahada amekwisha kuipata.

Nanyi walimu na wanafunzi, msikae mkingoja. Katika miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari za utani wa makabila yetu. Kazi kama hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuianza kwa daftari moja. Mwulize bibi yako majina ya njaa alizoziona. Mwulize ni nani aliyefungua mlango na ni nani aliyeufunga, na kwa nini. Andika kama alivyosema, kwa lugha aliyotumia, kisha msomee ulichoandika. Akikusahihisha, shukuru na uandike upya.