Kiamhari, Jamani! Anzeni na Fideli

Nimeanza kujifunza Kiamhari na siwezi kunyamaza! Ninaishi Silver Spring, Maryland, pua na mdomo na jiji la Washington, na huku Waethiopia wamejaa tele: migahawa yao, maduka yao, mabango yao. Hata serikali ya jiji, kwa sheria ya lugha ya mwaka 2004, hutafsiri nyaraka zake muhimu kwa Kiamhari. Maandishi hayo nilikuwa nayapita tu. Sasa nayasoma! Polepole, kwa sauti, mbele ya watu, lakini nayasoma.

Utamu wenyewe uko kwenye fideli, maandishi yaliyorithiwa kutoka Kigeez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia. Wengi hukimbia wakisikia hesabu yake: herufi 33, kila moja na maumbo saba, jumla 231, na bado kuna nyongeza. Msikimbie! Sisi tuliojifunza kusoma kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu tuna nusu ya safari mkononi, kwa sababu kila alama ya fideli ni silabi nzima. Tazama በ. Ichomekee kijistari ubavuni kulia, unapata ቡ, yaani bu. Kishushe kijistari hadi mguuni: ቢ, bi. Kikunje kiwe kitanzi: ቤ, be. Fupisha mguu wa kushoto: ባ, ba. Sasa chukua ile ቡ, ifuatishe na ና, ambayo ni na, na tayari umesoma ቡና. Buna. Kahawa! Zipo herufi zinazokaidi mtindo huo, lakini ukishauona huwezi tena kuacha kuutafuta.

Na Mswahili ana bahati nyingine. Kiamhari ni lugha ya Kisemiti, jamaa ya Kiarabu, kwa hiyo unakutana na sura unazozijua: damu ni dem, nafsi ni nefs, saba ni sebat, na ukishiba mgahawani unaomba hisab. Halafu kuna saa, na hapa ndipo niliporuka kwa furaha! Waethiopia huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama sisi. Hulet seat ya asubuhi ndiyo saa mbili yetu ya asubuhi. Hapa Marekani kila miadi lazima niigeuze kichwani kwanza. Kwa Kiamhari naitaja kama ninavyoitaja nyumbani.

Kitenzi nacho hubeba mtendaji ndani yake, kama chetu. Ifelligalehu ni "nataka", alfelligim ni "sitaki", neno moja na maneno yamekwisha. Ila kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo mwache mwenzako amalize ndipo ujue anasema nini.

Ugumu upo, tena wa kweli. Kuna sauti za k, t na ch zinazorushwa kwa pumzi iliyofungwa kooni, na hizo zinataka mwalimu wa kukusikiliza. Mkazo wa konsonanti hauandikwi: አለ ni alle, "yupo", au ale, "alisema", na maandishi hayakuambii ni lipi. Unapomwambia mtu "wewe" lazima uchague: ante kwa mwanamume, anchi kwa mwanamke, irswo kwa mtu wa kumheshimu. Mimi irswo naipenda mno; inanikumbusha adabu za pwani.

Kwa vitabu, Colloquial Amharic cha David Appleyard, kilichotoka 1995, kinaeleza sarufi bila kukuchosha. Kozi ya chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, ya mwaka 1964, ina umri wake, lakini mazoezi yake yanaukunjua ulimi kwelikweli.

Hukumu yangu ya awali: Kiamhari ni kitamu, na Mswahili anakiweza. Ila usikisome kwa herufi za Kilatini hata kidogo, zitakuchelewesha. Chapisha jedwali la fideli, libandike jikoni, na uanze na በ leo hii.