Tambi Hazimngoji Mgeni

Sisi tuliolelewa pwani tunazijua tambi kwa utamu wake. Hukaangwa kidogo mpaka zibadilike rangi, hutiwa tui, sukari, iliki na zabibu kavu, na huliwa wakati wa futari au asubuhi ya Idi, laini kiasi kwamba hata bibi asiye na meno hakosi fungu lake. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoletewa tambi katika mkahawa wa Kiitaliano mjini Malindi niliona mpishi ameniibia dakika tano. Zilikuwa na kiini kigumu. Nilimwita mhudumu, mzee mwenye mvi chache na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, nikamnong'oneza kwamba hizi hazijaiva.

Hakucheka, wala hakunipa somo. Aliinama kidogo akasema, "Zimeiva wapendavyo wenyewe, mwanangu. Nizirudishe zikaive tupendavyo sisi?"

Meza ya jirani haikusikia neno. Nilizila vile vile zilivyo, na kufikia uma wa tatu nilikwisha kuelewa kwa nini Waitaliano husema tambi ni lazima jino lizihisi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda pale kumtazama mzee yule akifanya kazi, na tambi nazifanya kisingizio.

Wageni hudhani Waitaliano walikuja Malindi kwa ajili ya bahari na jua. Bahari ilikuwepo, lakini kwanza zilikuja roketi. Miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mitambo yake ikisimama juu ya majukwaa ndani ya Ghuba ya Ungwana, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Aprili 1967 ikarushwa setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa Kenya siku hiyo ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wahandisi nao ni watu, huona njaa. Baada yao wakaja watalii, majumba, maduka ya aiskrimu na mikahawa, na leo mtoto wa ufukweni humrushia Mzungu yeyote "ciao" kabla hajajua atokako.

Lugha yenyewe haikuwapa watu wa Malindi taabu kubwa. Maneno ya Kiitaliano mengi huishia kwa irabu kama yetu, na mtu aliyezoea kusema nyanya na nyuki hashindwi na gnocchi wala lasagna. Nimemsikia mzee yule, ambaye hakukaa darasa la Kiitaliano hata siku moja, akibishana na bwana mmoja wa Milano juu ya mpira, na yule bwana ndiye aliyenyamaza kwanza.

Lakini ufundi wake hauko kwenye ulimi. Uko kwenye kupima wakati.

Mlo kamili wa Kiitaliano una mpangilio wake. Kwanza antipasto, vitu vidogo vya kufungua kinywa. Halafu primo, ambayo ndiyo tambi au wali wa risotto. Halafu secondo, samaki au nyama. Kisha kitu kitamu, na kahawa mwisho kabisa. Kwa mlaji ni starehe, kwa jikoni ni hesabu. Tambi zikishachujwa, baada ya dakika chache huanza kugandana, zikanywa mchuzi wote. Risotto huchukua kama dakika 18 kuiva, na ikichelewa kufika mezani huwa bokoboko. Kwa hiyo tambi hazimngoji mgeni. Mgeni ndiye azingoje, na asijue kwamba anangoja. Mtu pekee anayeweza kumngojesha hivyo ni mhudumu.

Mtazame anavyofanya. Husimama kando ya nguzo moja ambako meza zote saba humwonekea, mikono nyuma, kama mtu asiye na haraka. Kumbe anahesabu. Meza ya pili wamebakiza vipande viwili vya mkate, lakini mama mmoja anasimulia habari ndefu na uma wake umeganda hewani, bado. Meza ya tano mume ameinuka kwenda kupokea simu, bado. Meza ya nne wote wameegemea viti, hapo hupita mlangoni mwa jikoni na kutamka neno moja tu, "Butta!", yaani zitose. Tambi huingia kwenye maji yanayochemka, naye hurudi mezani kuondoa vyombo, kupangusa makombo na kujaza maji, kazi ambayo kwake huchukua dakika zile zile ambazo tambi huzihitaji. Sahani hufika moshi ukifuka, na wenye meza hudhani ni bahati.

Huzibeba tatu kwa mpigo: moja kati ya vidole, ya pili chini yake ikiegemea kiganja, ya tatu mkono wa kulia. Hiyo kila kijana anaweza kujifunza kwa wiki moja na hasara ya sahani kadhaa. Kujua lini aseme "butta" kulimchukua miaka.

Halafu kuna mvinyo. Mzee wangu ni mlokole, hajaonja hata tone, na bado sijaona anayeuhudumia vizuri kuliko yeye. Huileta chupa ikiwa imefungwa, akamwonyesha lebo aliyeagiza. Hukata karatasi ya shingoni chini ya mdomo wa chupa, huzungusha kizibuo polepole, na kizibo hukitoa bila mlio. Kisha humimina funda moja kwa aliyeagiza na kungoja. Wengi hudhani hapo wanaulizwa kama wameupenda. La, wanaulizwa kama umeharibika, kwa sababu kizibo chenye kasoro huweza kuutia mvinyo harufu ya ukungu, kama ya boksi lililonyeshewa. Yeye huwa amekwisha kujua tangu kizibo kilipotoka, kwa pua tu.

Nilimuuliza nani alimfundisha adabu hii ya kuonja kwanza. Alinitazama kana kwamba nimesahau kwetu. Kwao Wagiriama, alisema, mnazi huonjwa kwanza na anayekaribisha, mgeni ajue kwamba kibuyu hakina la kumdhuru. Na yeye ni mtoto wa mgema: kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kutenganisha kwa harufu mnazi wa asubuhi na wa jana. Mkahawa ulimpa chupa za kioo na majina mapya. Pua alikuja nayo.

Vitabu vya mvinyo husema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba gani? Chumba cha mawe cha Ulaya, nyuzijoto 16 hadi 18. Malindi mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, chumba kina nyuzijoto 30, na chupa iliyokaa rafuni karibu iwe uji. Mzee huitia Chianti kwenye ndoo ya barafu kwa muda wa robo saa. Siku moja mgeni aliyekuwa amefika juzi tu alipandisha sauti: mwekundu kwenye barafu! Mzee hakujitetea. Alileta bilauri mbili, moja akaitia funda la chupa ya kwenye ndoo, nyingine la chupa ya rafuni, akasogea pembeni. Yule bwana alionja huku, akaonja kule, kisha akairudisha chupa kwenye barafu kwa mkono wake mwenyewe.

Nimehudumiwa vibaya pia, katika mji huo huo, kwenye mkahawa ambao sitautaja. Mimi na dada yangu tulikaa dakika 40 bila hata menyu, huku meza tatu za Wazungu waliotukuta zikiletewa mkate, mvinyo na tabasamu. Nilipouliza, kijana wa zamu alisema, "Nilidhani mnamngojea mtu." Alidhani tunamngojea Mzungu wetu. Chakula kilipokuja nadhani kilikuwa kizuri. Sikumbuki kilikuwa nini.

Simlaumu kijana peke yake. Wenye mikahawa wengi huamini ufundi wote uko jikoni, na mhudumu ni miguu tu. Mvua za masika zikianza na watalii wakiondoka, wengi hufunga milango au kupunguza watu, na mhudumu ndiye wa kwanza kurudishwa shambani. Msimu ukirudi anaajiriwa mwingine wa bei rahisi, asiyejua nguzo ya kusimama ni ipi.

Kwa mzee hakuna meza ya watu wa kungojea Mzungu wao. Niliona familia moja kutoka Nairobi, watu saba, watoto wakitaka sosi ya nyanya ya chupa na baba akiomba jibini juu ya tambi za kamba, jambo ambalo Waitaliano wengi huliona mwiko. "Onja kwanza, bwana, kamba wa leo," alisema. Baba akaonja, akafikiri, akaomba jibini vile vile. Ikaletwa, na kijiko chake, bila uso kubadilika. Mama akataka cappuccino mchana kweupe baada ya kula, kinywaji ambacho Mwitaliano hukiachia asubuhi. Ikaletwa pia. Meza ya jirani, ya Waitaliano, walitazamana. Mzee alipita katikati, akawauliza kwa lugha yao kama wako tayari kwa samaki, na macho yao yakarudi kwenye sahani zao.

Ukifika Malindi, agiza tambi za kamba. Usiombe jibini kabla hujaonja. Ukishaonja, omba ukitaka. Na bakshishi usiiache ndani ya kijitabu cha bili, kwa sababu hujui itapita mikono ya nani. Mpe mhudumu mkononi mwake, na umwulize jina.