Nukta ya Melanteriti

Fomula ya melanteriti, madini ya salfeti ya chuma, ni mstari mmoja mfupi: FeSO₄·7H₂O. Wengi huupita haraka kama anwani ya bahasha. Mimi hukwama kwenye ile nukta inayoelea kati ya salfeti na maji. Ndiyo alama ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote.

Lakini kwanza mizani, kwa kuwa mstari wa madini, kama ubeti, hausimami mpaka hesabu zake zitimie. Salfeti ina chaji mbili hasi. Maji hayana chaji. Basi chuma cha melanteriti lazima kibebe mbili chanya, ingawa fomula haikutamka hivyo. Sasa soma salfeti nyingine ya chuma, jarositi: KFe₃(SO₄)₂(OH)₆. Salfeti mbili zinaleta nne hasi na haidroksili sita zinaleta sita, jumla kumi. Potasiamu inalipa moja, na vyuma vitatu vinagawana tisa zilizobaki, kila kimoja tatu. Herufi Fe ni zilezile, ila chuma kimebadilika hali: kule fuwele ni ya kijani, huku ni ya manjano au kahawia. Ninaupenda ukimya huu wa fomula. Unamtaka msomaji ahesabu mwenyewe.

Ukimya wa nukta siupendi. Unatufanya tudhani kwamba molekuli saba za maji zimekaa sawasawa, na sivyo. Sita zimekizunguka chuma pande zote, zimekishika. Ya saba iko mbali nacho, imeshikiliwa kwa viungo vya haidrojeni tu. Uandishi ulio mwaminifu ungekuwa [Fe(H₂O)₆]SO₄·H₂O, mrefu zaidi lakini wa kweli zaidi.

Hata hivyo nukta inasema kweli kuhusu jambo moja, nalo ni ulegevu. Aliyewahi kuchoma mrututu, salfeti ya shaba yenye maji, katika maabara ya sekondari ameona buluu ikifa na kubaki unga mweupe. Melanteriti haihitaji hata moto. Hewa kavu ya chumbani inatosha kuipokonya molekuli tatu. Kijani kinafifia, fuwele inavunjika kuwa unga, na mstari unakuwa FeSO₄·4H₂O, madini mengine yenye jina lake, rozeniti. Ugumu wa melanteriti ni 2 tu, kucha inaikwaruza, na maji huiyeyusha. Anayeitunza huifungia ndani ya chupa.

Jarositi haina nukta. Haidroksili zake zimo ndani ya mabano, zimefumwa na chuma chenyewe, na kuzitoa kunahitaji joto la mamia ya nyuzi. Mwaka 2004 roboti Opportunity iliikuta jarositi kwenye miamba ya Meridiani Planum, katika sayari ya Mars. Wanasayansi walisoma yale mabano, wakajua kwamba hapo zamani palikuwa na maji, tena yenye asidi.

Uainishaji wa Strunz, mfumo wa kuyapanga madini kwa namba na herufi, nao ni usomaji wa aina hiyohiyo. Melanteriti ni 7.CB.35, jarositi ni 7.BC.10. Saba ni jamii ya salfeti. C inayofuata ni ya salfeti zenye maji zisizo na anioni za ziada. B ni ya zile zenye anioni za ziada, bila maji. Kwa maneno mengine, nukta huku, mabano kule. Herufi ya pili hupima ukubwa wa kationi, na potasiamu, kwa unene wake, ndiyo inayoipa jarositi C.

Rangi haikuulizwa, wala asili. Kandokando ya Río Tinto, Hispania, madini haya mawili huzaliwa na mzazi mmoja, piriti inayooza hewani, lakini Strunz anamweka kila mmoja nyumba yake. Kwa umbo, amepatia. Ila anayesoma namba hizo peke yake hatajua kamwe kwamba ni ndugu.

Jina nalo lina lake la kusema: melanteriti linatokana na neno la Kigiriki la rangi nyeusi. Salfeti hii ya chuma, ikichanganywa na tanini, ilikuwa wino wa Ulaya na wa nchi za Waarabu kwa karne nyingi. Wino huo ukiwa mbichi huwa umepauka. Unakauka, hewa inaugusa, chuma chenye chaji mbili kinakuwa cha chaji tatu, na hapo ndipo maandishi yanapokolea weusi.