Stempu Haikai Kwenye Droo

Nikiri mapema: nilichemsha. Nilikuwa nimetafsiri hadithi fupi kutoka Kiingereza, ya mjane anayefukuzia barua ya shamba la marehemu mumewe. Barua imeandikwa, mashahidi wametia dole gumba, imebaki "stamp" tu. Mama wa watu anakwenda ofisi ya kijiji mara tatu, kila mara njoo kesho. Mimi, mtoto wa mjini, nikaandika "stempu" na kusonga mbele. Eti mtafsiri!

Nikapanda nayo Irente, kule juu ya Lushoto, nikamsomea babu barazani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu, huyo mama kwa nini asishuke posta akanunue?"

Hadithi ikafa pale pale. Stempu ni ya yeyote mwenye hela: unalipa, unalamba, unabandika. Muhuri haununuliwi (walau si dirishani). Unakaa kwenye droo, droo ina ufunguo, ufunguo una mwenyewe, na mwenyewe leo kaenda semina. Uchungu wote wa yule mjane ulikuwa ndani ya droo hiyo. Mimi nikauhamishia posta, tena na bei yake.

Kiingereza kimevirundika vyote katika neno moja. Kiswahili kinauliza kwanza: hicho kitu kinafanya kazi gani? Stempu inaonyesha umelipa, ndiyo maana hata zile za kielektroniki za TRA, zilizoanza 2019, tunaziita stempu za kodi, ingawa chupa ya soda haitumwi kwa posta. Muhuri unasema mwenye mamlaka kakubali. Chapa inasema ng'ombe huyu ana mwenyewe. Lakiri, ile nta nyekundu, inafunga bahasha ili asiyehusika asichungulie.

"Mark" nayo ni balaa: alama, maksi, doa, kovu, chale. Ukiandika "alama usoni" pale penye kovu la kipigo, umeshamsamehe mpigaji. Usiniambie msomaji ataelewa tu. Ataelewa ulichoandika.

Wala si sisi peke yetu. Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal, barua zao zilibandikwa "Marke", na juu yake ikagongwa "Stempel". Isikilize vizuri hiyo "Stempel": sauti ni ya stempu yetu, maana ni ya muhuri wetu. Kwa Waslovakia muhuri ni "pečiatka" na stempu ni "známka", halafu hiyo hiyo "známka" ndiyo maksi ya darasani! Anayetafsiri kutoka kwao, akikuta mtoto kapewa "známka", lazima kwanza aangalie aliyempa ni mwalimu au karani wa posta.

Nilirudi barazani nikiwa nimebadili neno moja tu. Safari hii babu hakutaja posta. Aliuliza huyo mtendaji anaitwa nani.