Ziwa la dirishani na ziwa la daftarini

Mwulizeni mtoto wa darasa la tano hapa Kalemie: ziwa letu la Tanganyika lina kina gani? Atasimama wima, mikono ubavuni, atajibu mara moja: mita 1470. Nchi zinazolizunguka? Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Majibu yote ni kweli. Basi mwulizeni neno jingine: maji ya ziwa hili hutoka kwa njia gani? Hapo wengi watatazama chini, na wengine watatazama dirishani, ambako ziwa lenyewe linaonekana.

Hatusemi hivi ili kuwacheka watoto. Wao wametoa kile walichopewa. Twataka kusema juu ya namna historia na jiografia zinavyofundishwa katika shule zetu za msingi. Nyingi za shule hizo ni za parokia, kwa mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na madhehebu, kwa hiyo neno hili latuhusu sote, wazazi, walimu na wakubwa wa shule. Programu ni ya Serikali, ndiyo. Lakini chaki iko mkononi mwa mwalimu wetu.

Kasoro kubwa tunayoiona ni hii: masomo hayo mawili yamekatwa vipande, kila kimoja kimewekwa katika siku yake, na havikutani kamwe. Siku moja ni jiografia, yaani orodha ya mito na milima. Siku nyingine ni historia, yaani orodha ya miaka: 1482, Mreno Diogo Cão afika penye mlango wa mto Kongo, 1885, Leopold II ajipatia nchi, 1908, nchi yaingia mikononi mwa Ubelgiji, 1960, uhuru. Mtoto wa kwetu asikiaye hayo adhani kwamba historia ilishuka merikebuni huko Banana, ikakawia sana njiani, na mpaka leo haijafika kijijini kwake.

Kumbe imelala mlangoni pake. Tuchukue mto Lukuga, ambao watoto wengi wa Kalemie huuvuka kila juma. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika penye mlango wake, akaukuta umezibwa na majani na mafunjo. Mwaka 1876 akaja Stanley, naye akaona maji hayaendi. Siku zile ziwa lilikuwa likipanda. Hazikupita siku nyingi, kizuizi kikavunjika, Lukuga ukakimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba, na ziwa likashuka mita kadha katika miaka iliyofuata. Maana yake ni kwamba sehemu ya ardhi ya chini, kandokando ya ziwa, ambapo watu wamejenga leo, ilikuwa chini ya maji wakati wa Cameron.

Tena haikuwa mara ya mwisho kupanda. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 ziwa lilijaa sana, hata mwaka 1964 likafika mbali. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, sote tuliona: maji yaliingia nyumbani mwa watu hapa Kalemie, na Uvira, na Bujumbura. Watu walihamisha magodoro kwa mitumbwi. Na maneno tuliyoyasikia siku zile yalikuwa ya kila namna. Wengine walitaja uchawi, wengine wakasema nchi jirani imetufungulia maji. Watoto wajuao mita 1470 walikuwa wakisikiliza, wala hawakuwa na neno la kuwajibu wakubwa wao.

Jibu lenyewe si gumu, mtoto wa miaka kumi alishika. Mito iingiayo ziwani ni mingi: Ruzizi hutoka ziwa Kivu, Malagarasi hutoka Tanzania, na mingine midogo hushuka milimani pande zote. Mto utokao ni mmoja tu, Lukuga. Maji mengine, nayo ndiyo mengi, huchukuliwa na jua. Basi mvua ikizidi huko Burundi na Tanzania na Kivu, maji hupanda hapa kwetu hata kama kwetu mvua ni kidogo, na hukawia kushuka, kwa sababu mlango ni mmoja na jua halina haraka. Mtu akituuliza kama somo hilo ni historia au jiografia, tutamwomba atuonyeshe mahali pa kulikata.

Mwalimu akiisha kuanza hapo, hata orodha ya zamani yapata uhai. Afuate maji kwa kidole. Lukuga hufika Lualaba karibu na Kabalo. Kutoka huko maji hupita Kongolo, Kindu, Kisangani. Yakata ikweta mara mbili. Yapita Mbandaka, Kinshasa, Matadi, hata baharini. Sasa mtoto atafahamu kwamba maji matamu aliyoyaona yule Mreno baharini mwaka 1482 yalikuwa yamekusanywa nchi nzima, na kwamba bonde la Lukuga lafika mpaka kwake. Tena ataona kwa nini njia ya gari la moshi kutoka Kabalo kuja Kalemie, iliyokwisha mwaka 1915, ilifuata bonde la mto huo, na kwa nini ilifanyiwa haraka: ilikuwa wakati wa vita, na ng'ambo ya ziwa walikuwako Wadachi.

Wazee wetu hawakutenga mambo haya. Waluba walikuwa na kibao cha mti kiitwacho lukasa, cha kushikwa kwa mkono mmoja, chenye ushanga na vigamba juu yake. Watu wa chama cha mbudye, waliofundishwa kazi hiyo, walikipapasa kwa kidole huku wakisimulia: hapa mfalme fulani, hapa mahali pake, hapa njia aliyopita. Mtu na nchi vilikuwa juu ya ubao mmoja. Leo vibao hivyo vimo zaidi katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na mtoto wa Kabongo aweza kumaliza shule ya msingi asisikie hata jina lake.

Yako pia mambo ambayo mwalimu huyapita mbio kwa hofu. Kwa desturi somo la kwanza la historia husema kwamba Wabatwa ndio waliotangulia kukaa katika misitu yetu. Mstari mmoja tu, kisha hawatajwi tena, kama kwamba walikufa wote. Lakini mtoto Mtwa yumo darasani, ameketi nyuma, naye asikia. Katika mkoa ulioona mapigano ya Waluba na Wabatwa mwaka 2016 na 2017, kunyamaza namna hiyo si jambo dogo. Vivyo hivyo juu ya utumwa. Mtowa si mbali na Kalemie. Ndipo misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilipotua, na ndipo watu na pembe walipovushwa. Katika darasa moja wamo wajukuu wa waliochukuliwa na wajukuu wa waliochukua. Mwalimu ataje miaka na mahali, aeleze nani aliuza na nani alinunua, asiweke mzigo juu ya kichwa cha mtoto ye yote. Akinyamaza, watoto watasimuliwa mambo hayo penye pombe, na huko hakuna mwalimu.

Twajua majibu ya walimu, nayo yana haki. Mtihani wa mwisho huuliza majina na miaka, hauulizi habari za kizuizi cha mafunjo. Tena tangu mwaka 2019, shule ya msingi ilipokuwa bure, madarasa yamejaa hata mwalimu hana mahali pa kupita. Na mshahara, tusiuseme. Juu ya kukariri, sisi makatekista hatuwezi kukudharau, kwa maana twajua faida yake: lililoshikwa kwa moyo utotoni hukaa hata uzeeni. Lakini hata katekisimu haikuishia kwenye jibu. Baada ya jibu kulikuwa na maelezo, na katekista aliyeyaacha alijulikana upesi kwa watoto wake.

Neno jingine ni la lugha. Programu yaruhusu lugha ya nchi katika miaka ya kwanza, kisha Kifaransa. Vema. Lakini tumemsikia mtoto akisema vizuri kabisa kwamba Lukuga ni «affluent» wa Lualaba, na alipoulizwa affluent ni nini, alisema ni aina ya mto mrefu. Ingefaa aambiwe kwanza kwa Kiswahili: ni mto unaoingia katika mto mwingine. Lingechukua nusu dakika.

Wengine hulalamika kwamba hawana ramani, au wanazo zilizochakaa. Ni kweli, nyingi zingali na mikoa 11, na tangu mwaka 2015 mikoa ni 26. Mtoto asoma «Katanga» ukutani na «Tanganyika» penye ofisi ya mkoa. Tumeona hata ramani iliyoandikwa Zaïre, jina lililokoma mwaka 1997. Lakini ramani kama hiyo isitupwe. Mwalimu mwenye akili ataitundika kando ya mpya, aulize darasa: nini kimebadilika, nani alibadilisha, na mto je, umebadilika? Tena awaambie kwamba kwenye ramani ya babu zao mji huu ulikuwa Albertville, uliowekwa mwaka 1891 kama boma la kupigana na wafanya biashara ya watumwa. Ramani mbaya mbili zaweza kufundisha kuliko nzuri moja isiyoulizwa kitu.

Twamjua mwalimu mmoja ambaye hana ramani hata moja. Alichonga mti mrefu, akautia alama kila sentimeta kumi, akausimika majini na watoto wake, mahali penye utulivu. Kila Jumatatu wawili huenda kusoma maji yamefika wapi, nao huandika tarehe na hesabu katika daftari moja la darasa. Wameona wenyewe kwamba maji hupanda wakati wa mvua mpaka Aprili au Mei, kisha hushuka polepole mpaka mwezi wa kumi. Daftari hilo lina sasa mwaka mmoja na nusu. Wazazi wawili, wenye nyumba karibu na maji, wamekwisha kuja shuleni kuomba waonyeshwe alama ya mwezi wa nne.