Barua ya Kila Siku kutoka Mji Mkubwa: Kazi ya O. O. McIntyre

Kila mji mkubwa una watu wake wa kuuhadithia. Mmoja huandika juu ya serikali, mwingine juu ya biashara. Yuko pia yule anayeandika maisha yenyewe: nani alikula wapi jana usiku, mchezo gani umeanza kuonyeshwa, nguo gani zinavaliwa, barabara inafananaje taa zinapowaka na mvua inanyesha. Wasomaji wengi huitafuta kwanza sahifa ya huyu wa mwisho, kabla ya habari za vita na za bei. Wengine huona haya kukubali, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo si kazi bure kumpima mwandishi wa namna hiyo na kuuliza aliwatumikiaje wasomaji wake. Safari hii tumemchagua Mmarekani Oscar Odd McIntyre. Hapo zamani jina lake lilikuwa vinywani mwa watu wengi sana. Leo wanaolijua ni wachache.

McIntyre alizaliwa tarehe 18 Februari 1884 huko Plattsburg, katika jimbo la Missouri. Mama yake alikufa yeye angali mtoto, akalelewa na bibi yake katika Gallipolis, mji mdogo ulio kando ya mto Ohio. Alijifunza kazi ya magazeti huko na katika miji mingine ya jimbo la Ohio. Mwaka 1912 alifika New York kufanya kazi katika gazeti moja la kila mwezi, lakini punde si punde gazeti lile likafa. Basi yeye na mkewe Maybelle, binti wa Gallipolis vilevile, wakatafuta riziki kwa shauri lao wenyewe. Mume aliandika habari za mji, mke alimsaidia kuzitoa nakala na kuzipeleka kwa posta kwa magazeti madogo ya mikoani. Safu hiyo iliitwa New York Day by Day, maana yake New York siku kwa siku. Mwaka 1922 kampuni ya McNaught Syndicate ilichukua kazi ya kuigawa, na mwishowe magazeti zaidi ya 500 yakaichapa.

Siri ya kupendwa kwake ilikuwa nini? Sisi twaona ni hii: hakuandika kama mwenyeji wa New York, bali kama mtoto wa kijijini aliyefika huko na kushangaa. Wasomaji wake hawakuwa watu wa New York. Walikuwa wakulima, wenye maduka, walimu, mama wa nyumbani katika miji midogo ambayo gari la moshi lilipita bila kukawia. Hao aliwaandikia kana kwamba ni barua ya nyumbani. Vipande vyake vilikuwa vifupi, mistari mitatu au minne, kimoja juu ya mchekeshaji mashuhuri, kinachofuata juu ya harufu ya mkahawa, cha tatu juu ya mzee aliyeuza maua pembeni mwa barabara. Siku nyingine aliiga kitabu cha siku cha Samuel Pepys, Mwingereza wa karne ya 17, akieleza aliamka saa ngapi na alikutana na nani. Siku nyingine aliweka kichwa kimoja ambacho wasomaji walikizoea sana: mawazo wakati wa kutembea. Msomaji aliyeketi barazani mwake, kilometa 1000 mbali na New York, alijiona anatembea pamoja naye.

Hilo si jambo dogo, na hatutaki kulidharau. Mtu wa mji mara nyingi humdharau mtu wa shamba, na huandika kama anamtazama toka ghorofani. McIntyre hakufanya hivyo. Aliheshimu udadisi wa watu wadogo. Hata alipokuwa tajiri, mwenye mavazi ya fahari na rafiki wengi wenye majina, hakuacha kuwakumbusha kwamba yeye ni wa Gallipolis.

Lakini sasa tufike penye uchungu. Waandishi wenzake wa New York walimcheka, kwa kuwa habari zake zilikuwa na makosa mengi. Mwandishi Christopher Morley, katika miaka ya 1930, alimlaumu waziwazi kwamba alichukua maneno yake na kuyatia katika safu kama ni yake mwenyewe. Tena, waliomjua walieleza kwamba McIntyre alikuwa mtu wa hofu nyingi: aliogopa makundi ya watu, aliogopa magonjwa. Miaka ya mwisho alikaa sana nyumbani, na alipotoka, mara nyingi alitoka ndani ya motokari yake kubwa yenye dereva, akiutazama mji kwa dirisha. Methali yasema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya McIntyre ilikuwa ndefu, zaidi ya miaka 20.

Tuseme kwa haki. Mtu mwenye hofu hana dhambi kwa hofu yake, wala si kosa kupanda motokari. Kosa ni kupita kwa motokari na kuandika kama aliyetembea kwa miguu. Msomaji aliambiwa: twende pamoja, nikuonyeshe. Kumbe mwenye kumshika mkono hakuwa barabarani.

Wako watakaosema: Alikuwa anaburudisha watu tu, nani aliumia? Kama mahali fulani pa kulia chakula hapakuwa kama alivyopaeleza, mkulima wa Ohio alipoteza nini? Swali hili ni la haki, na hatulijibu kwa haraka. Ni kweli kwamba kosa dogo juu ya mkahawa halimpotezei mtu roho. Lakini magazeti 500 yakimpelekea mkulima kila siku mji unaong'aa, ambamo watu wote ni mashuhuri, huko nyumbani mtoto wa mkulima anayasoma pia. Naye hana mkahawa wala barabara ya kulinganisha; anayo safu ile tu. Siku atakapofunga mzigo wake, ataufungia mji ule ulioandikwa, siyo mji ulioko.

Historia ya Gallipolis yenyewe ingaliweza kumfundisha jambo hili. Mji huo ulianzishwa mwaka 1790 na Wafaransa wapata 500. Kampuni moja iliwauzia mashamba kwa maandishi mazuri sana, yaliyoeleza nchi ya mto Ohio kama paradiso. Walipofika, walikuta kwamba hati zao za mashamba hazikuwa na thamani, nao wakajikuta msituni. Kwa hiyo mji alimolelewa McIntyre ulizaliwa na watu walioamini habari nzuri za nchi ya mbali. Yeye hakuuza mashamba, wala hatumlinganishi na wadanganyifu wale. Lakini maneno matamu juu ya mahali msomaji asipoweza kupaona ni chombo cha hatari hata mkononi mwa mtu mpole.

Yafaa tulinganishe kidogo. Mwaka 1938, mwaka ule McIntyre alipokufa, Joseph Mitchell aliingia katika gazeti la The New Yorker. Naye alikuwa mgeni, mtu wa North Carolina. Alikwenda kwenye soko la samaki na vilabu vya zamani, akaketi na wazee, akawasikiliza kwa saa nyingi. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu ya mzee Flood wa soko la samaki, na mwanzoni mwa kitabu akawaambia wasomaji kwamba Flood si mtu mmoja, bali amemtunga kwa sifa za wazee mbalimbali. Baadaye ilijulikana kwamba katika makala nyingine alitunga zaidi ya alivyokiri, na kwa hilo naye alaumiwe. Lakini katika kitabu kile alionyesha njia iliyo wazi: mwandishi aweza kutunga, mradi amwambie msomaji.

Je, katika kazi ya McIntyre hakuna kilicho kweli kabisa? Kipo, na hapa ndipo tunapompenda. Kipo alipoandika juu ya Gallipolis ya utoto wake, bibi yake, na mto. Kipo alipoandika juu ya mbwa wake, jambo lililoonekana dogo, lakini lilileta machozi kwa watu wengi kuliko wachezaji wote wa Broadway. Pale hakuhitaji kuazima maneno ya mtu. Alikuwa shahidi. Mtu aliyeajiriwa kuueleza mji mkubwa alisema kweli zaidi alipoueleza mji mdogo aliouacha. Yeye na mkewe walinunua nyumba nzuri huko Gallipolis, lakini hakupata kukaa ndani yake. Alikufa New York tarehe 14 Februari 1938, siku nne kabla ya kutimiza miaka 54, akazikwa Gallipolis, juu ya kilima kinachotazama mto. Mjane wake ndiye aliyekaa katika nyumba ile.

Leo safu zake zinasomeka kwa shida. Zimejaa majina, na majina ya watu mashuhuri hufa upesi kuliko majina ya maskini walioandikwa vizuri. Mchekeshaji aliyejulikana na wote mwaka 1930 hatuchekeshi tena. Muuza maua, kama mwandishi angalisimama na kumwuliza jina lake na watoto wake, angaliishi mpaka leo.

Mwaka 1923, safu ile ilipokuwa inaenea, Papa Pio wa 11 alimweka Mtakatifu Fransisko wa Sales kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Mtakatifu huyo alikuwa mpole sana katika maandishi yake, lakini hakuruhusu upole uwe kisingizio cha kuficha kweli. Upole McIntyre alikuwa nao. Kilichopungua ni nusu ya pili.

Ndugu wasomaji, amri ya nane haikupewa wenye magazeti peke yao. Siku hizi kila aliyekwenda Lubumbashi au mbali zaidi ana safu yake, kwa simu na kwa picha, na wasomaji wake ni mama na wadogo zake. Anapiga picha mbele ya motokari isiyo yake, wala haelezi chumba anacholala. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa ubaya. Hataki kumhuzunisha mama. Tunamwelewa. Lakini yuko mdogo wake anayeitazama picha ile na kuhesabu nauli. Huyo anastahili kuambiwa bei ya nyumba, siku zisizo na kazi, na pia jirani mwema aliyempa kaka yake chakula. Habari hizo hazing'ai, lakini atakayefunga mzigo kwa kuzifuata atajua aendako.